Dalali Anapouza Nyumba Yake Mwenyewe

Nimekuwa dalali wa nyumba na viwanja kwa miaka 14, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nikilificha jina la kazi yangu. Nilipoulizwa na mtu nisiyemfahamu, nilijibu kwamba nashughulika na mali isiyohamishika, au kwamba nafanya biashara zangu, kwa sababu nilijua jinsi sura ya mtu inavyobadilika akisikia neno dalali. Hakasiriki wala hatukani. Anayapunguza tu maneno yake, kama mtu anayeukumbatia mkoba anapopita katikati ya umati. Neno lenyewe limekwisha kuwa tusi hata nje ya kazi yetu. Mwanasiasa anayeuza msimamo wake huitwa dalali, na mtu anayechukua maneno ya huyu na kuyapeleka kwa yule ili apate chochote huambiwa aache udalali. Lakini asili ya neno hilo ni Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuonyesha na kuelekeza, yaani kumwongoza mtu akifikie anachokitafuta. Nimefikiri mara nyingi juu ya umbali uliopo kati ya maana hiyo ya mwanzo na maana iliyomo vinywani mwa watu leo, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona mimi mwenyewe katika kuuongeza umbali huo, na baadaye katika kujaribu kuupunguza.

Zamani niliamini kwamba watu wanatuonea. Ndivyo tunavyofarijiana madalali tukikaa pamoja: wateja ni wagumu, wenye nyumba hawana shukrani, kila mtu anataka kufanyiwa kazi na hakuna anayetaka kulipa. Sasa naamini vingine. Sifa mbaya tuliyo nayo, kwa sehemu kubwa, tumeichuma wenyewe. Na hawakuileta watu waovu peke yao, bali imeletwa zaidi na namna tunavyolipwa, ambayo humfanya hata mtu mwenye nia njema atende, siku baada ya siku, mambo ambayo asingependa kuyasimulia mbele ya watoto wake.

Jambo hili si la nchi moja. Nchini Marekani, shirika la Gallup limekuwa likiwauliza wananchi tangu mwaka 1976 wanauonaje uaminifu wa watu wa kazi mbalimbali. Wauguzi, tangu walipoingizwa katika orodha hiyo mwaka 1999, wamekuwa wa kwanza kila mwaka isipokuwa mwaka 2001, walipopitwa na wazima moto, ilhali mawakala wa nyumba hawajawahi kukikaribia kilele. Nchini Uingereza, kipimo cha namna hiyo kinachofanywa na shirika la Ipsos, kilichoanza mwaka 1983, huwakuta mawakala wa nyumba karibu na mkia, jirani na wanasiasa na watu wa matangazo. Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza niliumia, kisha nikajiuliza muuguzi ana nini ambacho mimi sina. Sote wawili tunamkuta mtu akiwa na uhitaji mkubwa na uelewa mdogo, na sote wawili tunajua jambo ambalo yeye halijui. Tofauti niliyoiona ni moja: mshahara wa muuguzi haupandi mgonjwa anapokubali upesi anachoambiwa, wala haupotei mgonjwa anapokataa.

Nitaanza na ukuta wa chumba cha nyuma, kwa sababu huo ndio nisioweza kuusahau.

Katika mwaka wangu wa tatu wa kazi nilipewa nyumba ya vyumba vitatu niitafutie mpangaji. Niliifahamu nyumba hiyo, kwani mpangaji aliyekuwa ametoka nilikuwa nimemwingiza mimi, na alikuwa amehama kwa sababu ya chumba cha nyuma. Ukuta wa chumba hicho, ule wa upande wa mteremko, ulikuwa ukinyonya maji kila msimu wa mvua mpaka rangi inavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Mwenye nyumba hakuugusa msingi wala hakuchimba mfereji wa kuyaongoza maji. Aliukwangua ukuta, akaupaka rangi mpya, na wiki mbili baadaye akaniambia nyumba iko tayari. Akaja mama mmoja na watoto wake wawili. Alipita chumba baada ya chumba bila kusema neno, akafika kile cha nyuma, akaweka kiganja chake ukutani na kukiacha hapo kwa muda, halafu akaniuliza, "Kaka, mbona hiki peke yake ndicho kilichopakwa rangi?" Nikamjibu kwamba mwenye nyumba ameanza na hicho na vingine vitafuata.

Sikuwa nimeitayarisha sentensi hiyo. Ilitoka yenyewe, kwa utulivu, na hata haikuwa uongo kamili, maana mwenye nyumba aliwahi kutaja kwamba siku moja angependa kuipaka nyumba nzima. Baadaye ulaini wa jibu hilo ndio ulionitisha kuliko jibu lenyewe. Nilikuwa nimefikia mahali ambapo ulimi wangu ulijua kulinda kamisheni kabla akili yangu haijaamua lolote.

Baada ya miezi mitano, mvua zilipokolea, mama yule alinipigia simu. Hakupaza sauti, aliniomba nifike tu. Nilipofika alikivuta kitanda cha watoto kutoka ukutani. Ubavuni mwa godoro palikuwa na mstari wa ukungu mweusi wenye urefu wa mkono mzima, na chini yake alikuwa ameanguka mwanasesere wa kitambaa aliyelowa mpaka rangi yake ikachujukia sakafuni. Pembeni palikuwa na daftari la shule, kurasa zimeshikana. Aliliokota, akajaribu kuzitenganisha kurasa mbili za mwanzo, zikachanika, akaliweka juu ya kitanda. "Ulijua," akaniambia. Hakuwa anauliza. Nilimwahidi kwamba nitazungumza na mwenye nyumba, na nilizungumza naye kweli, naye akasema mvua zikiisha atapaka rangi.

Tangu siku hiyo nimeacha kuukubali utetezi ambao madalali wengi tunautegemea, kwamba hatukudanganya, mteja hakuuliza. Dalali hana nyumba, hana kiwanja, hana fedha ya kununulia. Kitu pekee anachouza ni ujuzi wake wa mambo ambayo mteja hayajui. Anapoyafunika yale yale anayolipwa ili ayajue, hakuna tena kazi aliyoifanya zaidi ya kushika funguo. Na mteja, hata asipoweza kulieleza jambo hilo kwa maneno, analihisi mwilini, kama yule mama alivyohisi unyevu kwa kiganja.

Juu ya lugha ya matangazo yetu sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu anaifahamu. Nyumba iliyo mbali na barabara tunaiita tulivu, chumba kidogo tunakiita cha kisasa, na nyumba inayohitaji fundi wa kila aina tunasema inampa mnunuzi nafasi ya kuiboresha apendavyo. Kuna hatua mbaya zaidi ya hiyo, ambayo ni tangazo la chambo: picha ya nyumba nzuri iliyokwisha kupangishwa zamani inaachwa ionekane ili simu ziingie, na anayepiga anaambiwa kwamba amechelewa kidogo, lakini kuna nyingine. Uingereza ilifika mahali ikatunga sheria mahususi mwaka 1991 ya kuzuia maelezo ya uongo kuhusu nyumba zinazouzwa, na baadaye maelezo hayo yakawekwa chini ya sheria za jumla za kumlinda mlaji. Bunge linapolazimika kukaa na kujadili jinsi wakala anavyopaswa kueleza chumba, ni dhahiri kwamba uaminifu wa kawaida ulikuwa umekwisha kushindwa.

Lakini kilichonifungua macho zaidi hakikuwa uongo wala ukimya. Kilikuwa ushauri niliompa mtu kwa moyo mweupe, au nilioudhania kuwa mweupe.

Mama mmoja mjane alinikabidhi nyumba aliyoishi miaka mingi niiuze, ili ahamie karibu na binti yake. Nilimheshimu sana, naye aliniamini kiasi cha kuniachia funguo bila kunidai karatasi yoyote. Siku ya tisa nilipata mnunuzi. Bei aliyotaja ilikuwa chini ya ile tuliyoitangaza, lakini haikuwa bei ya kutukana. Nilikwenda kwa mama jioni ile ile nikamweleza kwamba soko limelala, kwamba mteja wa kwanza mara nyingi ndiye mteja, na kwamba akimwacha huyu aende zake anaweza kukaa mpaka mwaka mwingine nyumba ikizidi kuchakaa. Aliniuliza mara moja tu, "Hakuna namna ya kungoja kidogo?" Nikamwambia, "Mama, ningekuwa mimi, ningeuza." Akanyamaza, akatazama dirishani, akasema, "Basi wewe ndiye unayejua, mwanangu." Nyumba ikauzwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema.

Miaka miwili baadaye niliuza nyumba yangu mwenyewe. Katika wiki ya pili alikuja mnunuzi na bei ambayo, ukiipima dhidi ya bei iliyotangazwa, ilikuwa karibu sawa kabisa na ile niliyomsihi mama aipokee. Niliikataa kabla hajamaliza kueleza. Nilimwambia nina muda. Nikarekebisha geti, nikasafisha mifereji ya paa, nikapiga picha upya asubuhi mwanga ulipokuwa mzuri, nikamkataa na mnunuzi wa pili. Wiki ya kumi na moja akaja wa tatu, tukakubaliana kwa bei iliyoizidi ile ya kwanza kwa kiasi kisichopungua sana sehemu moja ya kumi. Nilisaini, nikapokea fedha, na usiku ule usingizi ulinipaa. Katika wiki zote hizo 11 halikuwahi kunijia kichwani wazo kwamba soko limelala. Soko lilikuwa lile lile, na mimi nilikuwa dalali yule yule. Kilichobadilika ni nani angepoteza endapo ningefanya haraka.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mwaka wangu wa kwanza. Chukua kamisheni ya asilimia 3. Bei ya nyumba ikipanda kwa sehemu 100, mwenye nyumba anapata 97 na dalali anapata 3. Ili nizipate hizo 3 za nyongeza, ningojee miezi miwili zaidi, niwatembeze watu kumi zaidi, nilipe nauli na simu, na katika muda wote huo niishi na hofu kwamba mnunuzi niliyemkataa hatarudi na kwamba mwenye nyumba atampa kazi dalali mwingine, nikose zote. Kwa mwenye nyumba, kungoja ni faida. Kwa dalali, kungoja ni hasara tupu, na nyumba inayouzwa kwa bei ya chini leo ina manufaa kwake kuliko inayouzwa kwa bei nzuri baada ya miezi miwili. Hakuna anayehitaji kuwa mwizi ili hesabu hiyo ifanye kazi. Inafanya kazi ndani ya mtu mwema, kimyakimya, na inamletea ushauri akilini ukiwa umekwisha kuvaa nguo za busara.

Nilidhani hilo ni doa langu binafsi mpaka niliposoma utafiti wa wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, uliochapishwa mwaka 2008. Walichunguza mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika vitongoji vya Chicago, na kati ya hizo nyumba 3,300 hivi zilikuwa mali ya mawakala wenyewe. Baada ya kulinganisha nyumba zinazofanana, waliona kwamba mawakala waliziacha nyumba zao sokoni siku 9.5 zaidi kuliko za wateja wao, na waliziuza kwa bei ya juu zaidi kwa asilimia 3.7 hivi. Msomaji wa kawaida huenda akaiona asilimia hiyo kuwa ndogo. Mimi niliiona sura ya mama akitazama dirishani, kwa sababu pengo langu lilikuwa kubwa kuliko hilo.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba madalali hawatetei maslahi ya mteja, sina tena ujasiri wa kumkatalia. Namwambia kwamba ni kweli, na namweleza kwa nini.

Iko tabia nyingine ambayo haihitaji hesabu wala uchambuzi, ile tunayoiita cha juu. Mwenye nyumba anataja anachotaka, dalali anaongeza chake juu, mnunuzi anatajiwa jumla akidhani ndiyo bei ya mwenye nyumba, na tofauti inaishia mfukoni mwa dalali, juu ya kamisheni ambayo pengine ameichukua pande zote mbili. Nyumba ikipita mikononi mwa madalali watatu au wanne, kila mmoja na chake, bei inayomfikia mnunuzi haimtambui tena mwenye nyumba. Nimefanya hivyo mara mbili katika miaka yangu ya mwanzo. Mara ya pili mnunuzi na mwenye nyumba walikuja kukutana baadaye, wakazungumza, wakalinganisha tarakimu. Hawakunipigia simu. Walichofanya ni kuwasimulia watu, na kila mmoja wa hao waliosimuliwa, siku atakapotafuta nyumba, atakutana na dalali mwingine kabisa, pengine kijana mwadilifu aliyeanza kazi jana, na atamlipiza yeye.

Hapo ndipo ilipo sehemu ngumu ya kazi hii. Kinyozi akimkata mteja vibaya, mteja harudi mwezi ujao, na kinyozi anajifunza. Mtu ananunua nyumba mara moja au mbili katika maisha yake, tena mara nyingi kwa dalali tofauti. Dalali mbaya hakutani tena na mteja aliyemuumiza, kwa hiyo adhabu ya kawaida ya soko haimfikii. Inagawanywa kwetu sote kwa usawa. Kuingia katika kazi hii, katika nchi nyingi, kunahitaji simu na ujasiri tu, na anayeharibu anaweza kuondoka kabla jina lake halijamkamata. Aliyebaki ndiye anayelipa deni.

Nisingekuwa mkweli nisiposema na upande wetu, maana upo, ingawa naukadiria kuwa mdogo kuliko tunavyoambiana. Mtu anayelipa kamisheni huona saa chache za kazi: nilimpigia simu, nikamfungulia mlango, nikampeleka kwa mwenye nyumba, nikachukua fedha. Haoni wale watu thelathini niliowatembeza kwenye nyumba ile ile bila kulipwa kitu, wengine wakiwa wamekuja kupoteza alasiri tu. Haoni nyumba nilizozitangaza kwa miezi na ambazo mwenye nazo alibadilisha nia dakika ya mwisho. Haoni ile desturi chungu ya kurukwa, ambapo muuzaji na mnunuzi niliowakutanisha mimi hupeana namba za simu nikiwa nimegeuka, kisha wiki moja baadaye nasikia nyumba imeuzwa "kwa ndugu". Kwa namna tunavyolipwa, mteja mmoja anayefikia mwisho analipia kazi ya wote ambao hawakufika, na hakuna aliyemwambia hivyo. Ana haki ya kujiona amenyang'anywa. Naye dalali, akiwa amerukwa mara tatu, anaanza kuficha: anaficha jina la mwenye nyumba, anaficha bei halisi, anaficha hata mtaa mpaka mteja apande naye gari. Kuficha huko kunamthibitishia mteja kwamba ana la kuficha. Tumekuwa tukifundishana kutoaminiana kwa muda mrefu kiasi kwamba sijui nani alianza, wala sidhani kwamba kulijua hilo kungesaidia.

Baada ya kuuza nyumba yangu nilikaa wiki kadhaa bila kuchukua kazi mpya. Mke wangu alidhani nataka kuacha. Kwa kweli nilikuwa naandika, na nilichoandika kilikuwa karatasi ya ukurasa mmoja. Tangu hapo, kabla sijamwonyesha mtu mlango wowote, ninampa karatasi hiyo aisome mbele yangu. Inataja ni nani anayenilipa, ninalipwa kiasi gani na lini, kama nina uhusiano wowote na mwenye nyumba, na kasoro zote ninazozijua za nyumba tunayokwenda kuiona, zikianza na ile mbaya kuliko zote. Kwa anayeuza, inaeleza pia hesabu ile ya 97 na 3, ili siku nitakapomshauri akubali bei, ajue mimi napata nini akikubali na napata nini akikataa, apime maneno yangu kwa mizani hiyo.

Sikubuni jambo jipya. Sheria ya mawakala wa nyumba ya Uingereza ya mwaka 1979 ilikwisha kumtaka wakala amweleze mteja malipo yake kabla ya kufungamana naye, na atangaze maslahi yake binafsi katika nyumba anayoishughulikia. Nchini Marekani ilichukua muda mrefu zaidi na kesi kubwa. Tarehe 31 Oktoba 2023, baraza la wazee wa mahakama mjini Kansas City, Missouri, liliamua kwamba chama cha kitaifa cha mawakala na makampuni kadhaa ya kazi hiyo walishirikiana kuziweka kamisheni juu, likataja fidia ya karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama hicho kilikubali kulipa dola milioni 418 na kubadili taratibu zake, na tangu tarehe 17 Agosti 2024 wakala anayemhudumia mnunuzi kupitia mfumo wa matangazo wa chama hicho anatakiwa kuwa na makubaliano ya maandishi, yenye kutaja malipo yake, kabla hajamtembeza kwenye nyumba. Wenzangu wengi waliposikia habari hiyo waliiona kama balaa lililowapata watu wa mbali. Mimi nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona mlangoni mwa nyumba kinachotokea mtu anapoipokea karatasi ile: anaisoma, anainua macho, na swali linalofuata ni swali la kweli, lenye uzito, ambalo zamani asingeniuliza kwa kudhani kwamba nitamdanganya.

Mwaka wa kwanza wa karatasi ulikuwa mgumu. Wenye nyumba watatu waliniondolea kazi siku ile ile walipoiona, mmoja akaniuliza kama nimeajiriwa na wapangaji. Dalali mwenzangu, ambaye tulikuwa tukigawana wateja kwa miaka, aliniambia kwamba ninawafanya wengine waonekane wezi, na urafiki wetu haujapona mpaka leo. Mapato yangu yalishuka, na nisingependa kijana yeyote aingie katika njia hii akidhani kwamba ukweli unalipa upesi. Yalianza kurudi taratibu katika mwaka wa tatu, na yalirudi kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea: simu zikawa zinaanza na jina la mtu, "nimeelekezwa kwako na fulani," na huyo fulani mara nyingine alikuwa mtu ambaye hakuwahi kununua chochote kwangu, ila nilimwambia asinunue. Siku hizi nikiulizwa kazi yangu najibu kwamba mimi ni dalali, na nasubiri ile sura ibadilike, kisha naendelea kuzungumza.

Jambo moja bado karatasi yangu haijalitatua, nalo ni kuzihudumia pande mbili kwa wakati mmoja. Muuzaji anataka bei ipande na mnunuzi anataka ishuke, na mimi niliyekaa katikati ninazijua siri za wote wawili: najua huyu anaweza kushuka mpaka wapi, na yule anaweza kupanda mpaka wapi. Hata nikitaja waziwazi kwamba ninalipwa na mmoja wao, yule mwingine ananiona nikimfungulia mlango, nikimchekea, nikimshauri juu ya shule na maji, na anasahau. Nimejaribu kukataa kazi za namna hiyo na nimeshindwa kuzikataa zote.

Mwaka jana nilikwenda kumwona mama yule mjane, anapoishi sasa na binti yake. Nilikuwa nimeahirisha safari hiyo kwa miaka. Nilimweleza kila kitu: nyumba yangu, wiki 11, hesabu ya 97 na 3, na kwamba nilipomwambia ningekuwa mimi ningeuza, sikuwa nasema kweli, kwa sababu nilipokuwa mimi sikuuza. Nilimweleza na kiasi ambacho nadhani alikipoteza. Alinisikiliza bila kunikatiza, mikono imetulia juu ya magoti, na binti yake akasimama mlangoni akisikiliza pia. Nilipomaliza, mama alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Na yule mnunuzi, mwanangu, yeye ulimwambia nini juu yangu?"

Nilikuwa nimemwambia kwamba mama ana haraka.